Ngao ya Jamii ya wanawake haikuanzia Wembley

Ukiwauliza mashabiki wengi Ngao ya Jamii ya wanawake Uingereza, pambano la bingwa wa ligi na bingwa wa Kombe la FA, ilianza lini, watakutajia Agosti 2020, Chelsea na Manchester City. Si kweli. Ilianza mwaka 2000, wakati ikiitwa Ngao ya Hisani, ikachezwa hadi 2008, halafu ikapotea kwa miaka 12.

Kosa lenyewe naliona la kusameheka. Enzi zile nani alikuwa akirusha mechi za wanawake? Mwaka 2020 pambano lilipelekwa Wembley, siku moja na la wanaume kati ya Arsenal na Liverpool, tarehe 29 Agosti. Viti vilikuwa vitupu kwa sababu ya korona, ila kwenye runinga lilionekana. Jill Scott wa City akalambwa kadi nyekundu, na dakika chache baadaye beki wa Chelsea, Millie Bright, akaachia kombora kutoka mbali, mpira ukajaa wavuni. Erin Cuthbert akamalizia la pili mwishoni: 2-0.

Kuna na hili: wapo wanaodhani City waliingia kama mabingwa wa Kombe la FA la 2020. Fainali ya kombe hilo ilikuwa bado, ikachezwa Novemba. Walikuwa wanashikilia la 2019. Chelsea nao walipewa ubingwa wa ligi kwa wastani wa pointi kwa mechi, maana msimu ulikatishwa na janga hilohilo.