Picha ya Arnolfini: anza na kioo, mbwa atasubiri

Kila nikifundisha hii picha, ambayo mchoraji Jan van Eyck alimchora bwana wa ukoo wa Arnolfini na mwanamke wameshikana mikono chumbani, wanafunzi wanakimbilia mbwa. Mbwa ni uaminifu, mshumaa mmoja unaowaka ni Mungu, na yule mama ana mimba. Mimba hana jamani! Ni fasheni ya wakati ule, gauni la kitambaa kingi mno limekusanywa mbele na kushikiliwa tumboni, na Jan van Eyck huyohuyo mwaka 1437 alimchora Mtakatifu Katarina, bikira, akiwa na umbo hilohilo.

Mi huwa nawaambia waangalie katikati ya picha, washuke na macho toka juu: taa ya shaba inayoning'inia, sahihi ukutani, kioo cha duara, mikono iliyoshikana, chini kabisa ndo mbwa. Vyote karibu mstari mmoja! Mwanaume yuko upande wa dirisha, mwanamke upande wa kitanda, na kile kioo ndo kinawaunganisha, na ubao wenyewe uliochorwa picha mdogo tu, sentimita 82 kwa 60, ni mwaloni, uko kwenye jumba la sanaa la National Gallery, London, tangu 1842.

Sasa habari ya alama. Mwaka 1934 mwanahistoria wa sanaa Erwin Panofsky aliandika kwamba hii ni ndoa inafungwa mbele ya mashahidi, na kila kitu chumbani kina maana iliyofichwa, na mpaka leo watu wanarudia hivyo. Lakini picha ilipokuja kupigwa kwa miale ya infraredi ikaonekana mchoro wa awali chini ya rangi, na humo mbwa hayupo, taa haipo, kiti hakipo, hata mitalawanda ile (viatu vya mbao) pale sakafuni haipo, yaani aliviongeza baadaye akiwa tayari anapaka rangi. Kwangu hilo ni zito, manake kama vingekuwa ndo msingi wa ujumbe angeviacha vipi kwenye mpango wa kwanza?

Utajiri ndo uko wazi kila mahali. Arnolfini walikuwa wafanyabiashara wa Lucca, Italia, waliohamia Bruges, Ubelgiji ya leo, na machungwa pale dirishani ni kitu cha kuagizwa mbali, cha ghali. Nje mti wa cheri umezaa, kwa hiyo si baridi, ila wao wamevaa manyoya!

Rudi kwenye kioo. Kimezungukwa na vipicha 10 vya mateso ya Yesu, kila kimoja kidogo kuliko kucha, na ndani yake unawaona hawa wawili kwa mgongo na watu wengine wawili wanaingia mlangoni. Juu yake ameandika kwa Kilatini "Jan van Eyck alikuwa hapa, 1434". Ndo maana naamini ule mkono wa kulia aliouinua bwana si kiapo, anawaitikia wageni waliopiga hodi, na wewe unayetazama umesimama palepale walipo wao.