LLC ya biashara ya pembeni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukiwa umeajiriwa Marekani, kisha ukaanza kusuka nywele wikendi, kutengeneza tovuti usiku au kusafisha nyumba za watu Jumamosi, hutakosa mtu wa kukuambia ufungue LLC (kampuni ya dhima yenye ukomo) haraka. Ushauri wenyewe si mbaya. Shida iko kwenye sababu unazopewa: nyingi si za kweli, na anayeziamini hulipia ulinzi ambao hana.

Dhana: Ukishafungua LLC, hakuna wa kugusa mali yako

Kampuni ya dhima yenye ukomo hutenganisha madeni ya biashara na mali ya mwenye biashara. Kampuni ikishindwa kumlipa aliyeiuzia vifaa, anayedaiwa ni kampuni. Gari lako na akiba yako havimo. Hilo ni kweli, na ndilo jambo kubwa LLC inalokupa. Ila lina mipaka.

Wa kwanza ni kosa la mkono wako mwenyewe. Unaendesha gari kwenda kwa mteja, unamgonga mwendesha baiskeli. Anaweza kuishtaki kampuni, na anaweza kukushtaki wewe uliyeshika usukani, kwa kuwa sheria haimwondolei mtu kosa alilolitenda mwenyewe eti alikuwa kwenye shughuli za kampuni yake. Sasa fikiria biashara ya mtu mmoja: nani mwingine atakosea? Ndiyo maana mimi naona mwenye pesa kidogo atangulize bima ya biashara, LLC ifuate. Tena asome bima ya gari lake, maana nyingi za matumizi binafsi hazilipi ajali iliyotokea wakati gari likisambaza mizigo au chakula kwa malipo.

Wa pili ni saini yako. Benki na wenye majengo wanajua fika kuwa kampuni changa haina kitu, kwa hiyo hukutaka usaini dhamana binafsi. Ukishasaini, kwa deni hilo LLC haikusaidii.

Wa tatu ndio unaowaponza wengi. Chukua taarifa ya benki ya kampuni ya mwezi mmoja: tarehe 2 rasta na mafuta ya nywele, tarehe 5 kodi ya nyumba unayolala, tarehe 9 malipo ya mteja, tarehe 11 viatu vya mtoto, tarehe 20 umeme wa nyumbani. Wakili wa anayekudai akiipata karatasi hiyo, ataiambia mahakama kwamba hapa hakuna kampuni, kuna mtu na pochi yake. Mahakama ikikubali, inaweza kuivuka kampuni na kufika kwako. Tiba yake haina ujanja: akaunti ya peke yake, na pesa ya matumizi yako uihamishe kwanza kwenda akaunti yako binafsi, iandikwe kuwa ni mgao wa mwanachama (ndivyo mmiliki wa LLC anavyoitwa), ndipo ununue viatu. Mikataba nayo saini kwa niaba ya kampuni, ukiandika jina lake na cheo chako. Jina lako likiwa peke yake, umejifunga wewe.

Dhana: LLC inapunguza kodi

Hii ndiyo inayouza huduma nyingi za kufungua kampuni. LLC ya mtu mmoja, isipochagua vinginevyo, IRS, idara ya kodi ya serikali kuu ya Marekani, haiitazami kama mlipakodi tofauti na mwenyewe. Mapato na gharama zinaingia kwenye Schedule C, fomu ya faida na hasara ya biashara, ndani ya ripoti yako ya kodi, vilevile kama mtu asiye na kampuni yoyote. Faida halisi ikifika dola 400 kwa mwaka unadaiwa kodi ya kujiajiri ya 15.3%, yaani 12.4% ya Social Security (pensheni ya serikali) na 2.9% ya Medicare (bima ya afya ya wazee), juu ya kodi ya mapato. LLC haibadilishi hata senti.

Na zile gharama za biashara unazoambiwa huwezi kuzitoa kwenye mapato yanayotozwa kodi bila LLC? Unaweza. Mashine, matangazo na maili za gari za kazi hutolewa na yeyote anayefanya biashara ya kweli, awe na kampuni au asiwe nayo.

Kuna njia ya kuomba utozwe kodi kama S corporation (utaratibu mwingine wa kutoza kodi kampuni), kwa Fomu 2553. Hapo unajilipa mshahara unaolingana na kazi, na faida inayobaki haikatwi kodi ya kujiajiri. Lakini inakuja na hesabu za mishahara na ripoti ya kodi ya kampuni, na kwa faida ya dola elfu chache, mhasibu ataila nafuu yote.

Dhana: Isajili Wyoming au Delaware, ukwepe gharama za jimbo lako

Wyoming ina heshima yake: ndiko sheria ya kwanza ya LLC ilikopitishwa, mwaka 1977. Lakini ukiishi na kufanyia kazi California, kampuni ya Wyoming itatakiwa kujiandikisha California pia, na kulipa kodi ya dola 800 kwa mwaka hata bila faida. Umejipatia majimbo mawili ya kulipa badala ya moja, na wakala wa kupokea nyaraka katika kila jimbo. Delaware nayo inadai dola 300 kila mwaka. Kwa biashara ya pembeni, jimbo unalofanyia kazi ndilo jimbo lako.

Dhana: Jina likishasajiliwa ni lako nchi nzima

Hapana. Jimbo linahakikisha tu hakuna kampuni nyingine yenye jina hilo kwenye daftari lake. Alama ya biashara ni usajili mwingine kabisa.

Dhana: Namba ya EIN (namba ya kodi ya biashara) inalipiwa

IRS inaitoa bure. Barua zenye sura ya serikali zinazokuja baada ya usajili, zikidai ada ya cheti fulani, mara nyingi ni matangazo ya kampuni binafsi. Soma maandishi madogo.

Dhana: Kampuni ikiwa yangu, kibali cha kazi hakinihusu

Hapa kosa linaweza kukugharimu ukaazi wako. Mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi) au H-1B (ya mfanyakazi mwenye utaalamu) anaweza kumiliki LLC, lakini kumiliki si kufanya kazi. H-1B inakuruhusu kumfanyia kazi mwajiri aliyekuombea, basi. Kuhudumia wateja wa kampuni yako bila idhini ni kazi isiyoruhusiwa. Ongea na wakili wa uhamiaji kabla ya kupokea malipo ya kwanza.

Na anayeimiliki peke yake akiwa nje ya Marekani, bila kuwa mlipakodi mkaazi wa huko, asidanganywe kwamba kampuni isiyo na kodi haina ripoti. Pesa aliyoiingiza mwenyewe kuianzisha tu yatosha kumlazimu kujaza Fomu 5472, ripoti ya miamala kati ya kampuni na mmiliki wake wa nje. Faini ya kutoijaza inaanzia dola 25,000.

Dhana: Nikiacha biashara, kampuni inakufa yenyewe

Haifi. Mpaka uwasilishe hati za kuifunga jimboni, ada na ripoti zinaendelea kudaiwa kila mwaka, hata kama mteja wa mwisho ulimhudumia miaka mitatu iliyopita.