Msamaha wa Songea na kitanzi cha Pangani: dhana potofu kuhusu ukweli na maridhiano

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha mjini Songea kwa waliyotendewa wazee wa huko wakati wa vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani. Tangu hapo, kwenye baraza za Bagamoyo na Pangani kunasemwa mengi kuhusu fidia na tume ya ukweli, na mengine hayana miguu.

"Ameshaomba msamaha, basi fidia iko njiani."

Hapana. Urais wa Ujerumani ni cheo cha heshima zaidi kuliko mamlaka. Mazungumzo huendeshwa na serikali ya Kansela, na fedha hupitishwa na Bunge. Tazama Namibia, ambako Wajerumani waliwaua Waherero na Wanama kati ya 1904 na 1908. Tamko la pamoja la Ujerumani na Namibia la Mei 2021 lilitaja euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, lakini za miradi ya maendeleo, na Ujerumani ikahakikisha haziitwi fidia ya kisheria. Deni likikubaliwa kisheria kwa mmoja, wengine wote watabisha hodi, nasi tukiwemo. Viongozi wengi wa Waherero na Wanama walilikataa kwa sababu serikali mbili zilipatana bila wao. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kiasi gani, ni vizuri kuuliza nani ameketi mezani.

"Tume ya ukweli ni mahakama, wenye hatia watafungwa."

Tume huchukua maelezo, huyahakiki, huandika ripoti na kutoa mapendekezo. Kufunga mtu si kazi yake. Ile ya Afrika Kusini iliyochunguza makosa ya enzi ya ubaguzi wa rangi, chini ya Askofu Desmond Tutu, ilikuwa hata na uwezo wa kusamehe makosa, lakini kwa masharti: kosa liwe la kisiasa, na mkosaji aseme yote. Kati ya maombi 7,112, yaliyokubaliwa ni 849 tu. Kilichoharibika kilikuja baadaye. Waliokataliwa walipaswa kushtakiwa, lakini majalada mengi yalilala, hadi mwaka 2025 Rais Ramaphosa akaunda tume nyingine kuchunguza kwa nini. Waathirika waliotambuliwa walilipwa randi 30,000 kila mmoja, mara moja tu.

"Wahusika wamekufa wote, tume ya nini?"

Jimbo la Maryland, Marekani, liliunda tume mwaka 2019 kuchunguza mauaji ya watu weusi yaliyofanywa na makundi ya wazungu tangu 1854 hadi 1933. Hakuna wa kumkamata. Kazi yake ilikuwa kusahihisha kumbukumbu: katika mauaji ya aina hii, karatasi za uchunguzi ziliandika mara kwa mara kwamba wauaji hawakujulikana, hali mji mzima uliwajua.

"Wajerumani walikuja Pwani kukomesha utumwa, na Abushiri alitetea biashara yake tu."

Hii ndiyo yenye mizizi mirefu, kwa sababu nusu yake ni kweli. Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa Pwani dhidi ya Wajerumani, alikuwa na shamba la miwa Pangani lililolimwa na watumwa, na kumfanya malaika hakusaidii madai yoyote. Lakini vita vilianza Agosti 1888, kampuni ya Kijerumani ilipokuja kushika forodha na utawala wa Pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, ikapandisha bendera yake Pangani. Januari 1889 Bunge la Ujerumani lilitoa marki milioni 2 kwa jina la kupiga vita biashara ya watumwa. Hermann Wissmann, afisa aliyetumwa kuzima vita hivyo, akazitumia kuajiri askari, wengi wao Wasudani, na Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Na utumwa wenyewe? Wajerumani waliubana kidogo kidogo bila kuufuta. Uliondolewa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Tume yoyote ya Pwani itabidi ibebe yote mawili, utumwa wa Pwani na uvamizi wa Wajerumani, pamoja na suala la askari Waafrika waliofyatua bunduki.

"Mashahidi hakuna, hatuna la kupeleka kwa tume."

Masimulizi ya ukoo hupokewa, yakichukuliwa vizuri. Andika jina la msimulizi, alisimuliwa na nani, lini na wapi. Hoji wazee wawili mbalimbali, kila mmoja peke yake, na usiwatajie mwaka wala jina la Mjerumani. Mzee akishalishwa jibu, ushahidi umeharibika, maana mhakiki atakuta maneno ya kitabu cha shule. Barua za zamani za Kiswahili kwa hati za Kiarabu zipigwe picha pande zote mbili, mwangani lakini si juani, na zisifunikwe kwa plastiki ya moto. Kisha linganisha na majalada ya Kijerumani yaliyoko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na yale ya Berlin yenye alama R 1001, yaani ya Ofisi ya Makoloni ya Ujerumani. Mengi yameandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa, kwa hiyo msomaji wa mwandiko huo atafutwe kabla ya mkalimani.