Je, wajua ni kwa nini mtaro uliojaa uji wa udongo hauporomoki?

Chimba shimo la mita tano katika mitaa ya Kilimani au Westlands, Nairobi, wakati wa masika, kisha urudi kesho yake. Mara nyingi utakuta maji yametuama chini na kingo zimeanza kumeguka. Sasa chukua mtaro unaochimbwa ili ndani yake ujengwe ukuta wa chini ya ardhi wa kuzuia maji: upana wa sentimita 80 na kina cha mita 20, kuta zake wima, hauna mbao wala vyuma vya kuushikilia, na maji ya ardhini yanaanzia mita 3 tu kutoka juu. Mtaro huo husimama, na kinachousimamisha ni uji.

Uji wenyewe ni wa bentonaiti, udongo wa mfinyanzi unaofura sana ukinywa maji. Kilo 50 hadi 60 hukorogwa katika lita 1,000 za maji safi, halafu mchanganyiko huachwa kama saa 24 ili chembe zinywe maji na kushiba. Ukitumiwa mapema, huwa ni maji machafu tu. Wakazi wa South B na Embakasi wanawajua ndugu zake: ule udongo mweusi unaonata kwenye viatu mvua ikinyesha na kupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi una madini ya jamii hiyohiyo.

Uji huushikilia mtaro kwa msukumo. Tuseme umejazwa hadi mita 1 chini ya uso wa ardhi. Kwenye kina cha mita 15, uji husukuma nje kwa kilopaskali (kipimo cha msukumo) 144 hivi, na maji ya ardhini husukuma ndani kwa 118. Uji unashinda kwa 26. Lakini msukumo unahitaji kitu cha kuegemea, la sivyo uji ungepotelea mchangani. Ndiyo maana utando ni muhimu: uji unapojipenyeza ukutani huacha ngozi ya milimita chache, mfano wa ile inayojitanda juu ya uji uliopoa kikombeni, na ngozi hiyo huzuia maji yasipite.

Uji ukishuka mita 2, ile tofauti ya 26 inabaki 6 tu, na hapo ukuta unaweza kuanguka wakati wowote. Nairobi hatari hii ni ya kweli, kwa kuwa mwamba wenye nyufa unaweza kumeza uji ghafla. Matangi ya akiba yawe yamejaa kabla ya ndoo ya kwanza ya mashine kugusa ardhi.

Kwa nini basi usiweke pampu tu, uvute maji usiku na mchana? Kwa sababu pampu haijui mpaka wa kiwanja. Huvuta maji hata chini ya nyumba ya jirani, udongo wake unakauka na kunywea, kuta zinapasuka. Ukuta wa chini ya ardhi ukishakamilika kuzunguka kiwanja, pampu huvuta maji yaliyomo ndani ya ukuta huo tu.

Mtaro ukifika chini, uji hupisha kitu cha kudumu. Kama lengo ni kuzuia maji peke yake, udongo uliochimbwa huchanganywa na uji hadi uwe rojo; ukijaza koni ya kupimia zege na kuiondoa, rojo lishuke sentimita 10 hadi 15. Rojo halimwagwi kutoka juu. Huteremshwa likiteleza juu ya mteremko wa rojo lililotangulia, kwa kuwa likidondoshwa hufungia mifuko ya uji na mchanga ndani ya ukuta. Kwa beismenti ya jengo refu hutumika zege: kizimba cha nondo hushushwa ndani ya uji, kisha zege hupitishwa kwenye bomba hadi chini kabisa na kuusukuma uji juu. Njia hii ilitumika kujenga reli ya chini ya ardhi ya Milan miaka ya 1950. Mdomo wa bomba ubaki umezama angalau mita 2 ndani ya zege bichi. Ukichomoka, zege na tope huchanganyika, na ukuta unabaki na mshipi wa udongo ambao hakuna anayeuona mpaka uchimbaji wa ndani uanze.

Kasoro ndogo ina gharama kubwa. Ukuta mzuri wa rojo wenye unene wa sentimita 80, maji ya upande mmoja yakiwa juu kwa mita 10 kuliko ya pili, hupitisha kama lita 1 kwa siku katika kila mita ya mraba. Mita moja ya mraba ikiwa ni mchanga wa kawaida badala ya rojo, hapo hupita lita zaidi ya 10,000 kwa siku: bauza nzima ya maji, kila siku, kupitia dirisha lenye ukubwa wa meza.

Mahali pa kuogopewa zaidi ni kwenye kitako. Ukuta lazima uingie sentimita 60 hadi 100 ndani ya tabaka lisilopitisha maji, na Nairobi tabaka hilo hudanganya. Jiji limekalia miamba ya volkeno iliyomwagika kwa awamu, na kati ya awamu moja na nyingine umefukiwa udongo wa kale unaoweza kubeba maji. Patasi ikigonga jiwe gumu mtu hudhani amefika, kumbe chini ya jiwe hilo maji yanapita. Kwa hiyo visima vya uchunguzi, kila mita 30 hivi kwenye mstari wa ukuta, viendelee mita kadhaa chini ya jiwe la kwanza. Mwamba ukionekana una nyufa, hutobolewa na kudungwa uji wa saruji chini ya ukuta.

Kisha huwekwa mabomba membamba ya kupimia maji, ndani na nje ya ukuta, na pampu ya ndani huwashwa. Maji ya ndani yakishuka huku ya nje yakibaki palepale, uchimbaji unaweza kuanza.