Mkono wa Kamera Umekwama? Ondoa Kidole Gumba Kwanza

Gia zilizokatika ndani ya kamera za filamu mara nyingi hazikukatwa na uzee. Zilikatwa na mtu aliyeamini la kwanza kati ya dhana hizi potofu.

“Mkono ukigoma, ongeza nguvu, utaachia.”

Mkono wa kuvutia filamu hujifunga makusudi. Ukishauvuta, haurudii tena mpaka shata, pazia linalofunguka kupitisha mwanga, ifyatuke, ili usiruke fremu bila kuipiga picha. Kwa hiyo ukigoma, uliza kwanza kwa nini shata haijafyatuka. Canon AE-1, iliyotoka mwaka 1976, hutegemea betri ya volti 6. Betri ikifa, shata haifyatuki na mkono haufunguki. Nimewahi kufungua kifuniko cha juu, skrubu zote mezani, kumbe kamera ilikuwa inadai betri tu. Na kama umeshapiga picha 36 na mkono umesimama nusu ya safari, filamu imeisha. Ukisukuma hapo unachana matundu yake, au unaing'oa kutoka ndani ya mkebe wake.

“Haina filamu na haifyatuki, basi imekufa.”

Si lazima. Kwenye Voigtländer Vito B, kinachokaza shata ni gurudumu la meno, nalo huzungushwa na filamu yenyewe. Bila filamu, mkono unavuta hewa. Fungua mgongo, zungusha gurudumu kwa kidole mpaka ligome, halafu bonyeza. Utashangaa ni “maiti” ngapi zinafufuka hivyo.

Wengine huitilia shaka Leica M3 kwa sababu mkono wake unavutwa mara mbili kwa picha moja. Zile za mwanzo, kuanzia 1954, ziliundwa hivyo. Ziache.

“Picha zikipandana, kaza spuli.”

Hapa hata mafundi hupotea. Spuli, kigurudumu kinachokunja filamu iliyopigwa, haipimi kitu. Kadiri filamu inavyojikunja juu yake ndivyo inavyonenepa, na ingekuwa ndiyo mpimaji, nafasi kati ya picha ingeongezeka kila ukivuta. Anayepima ni gurudumu la meno: matundu 8 kwa kila picha, sawa na milimita 38. Picha yenyewe inachukua 36, zinazobaki 2 ndizo mstari mtupu kati ya fremu. Spuli ina klachi ya msuguano ili iteleze pale inapotaka kuvuta zaidi ya ilichopewa.

Toa filamu, acha mgongo wazi, shika spuli kwa kidole na uvute mkono taratibu. Spuli iteleze, lakini kwa ubishi. Isipobisha kabisa, klachi imechoka, na filamu itajirundika nyuma ya gurudumu. Kama spuli ni nzima na picha bado zinapandana, geuza kamera uangalie kitufe cha chini cha kurudishia filamu. Kikinasa ndani kwa uchafu, gurudumu linabaki huru na kipimo kinapotea.

“Pulizia mafuta kidogo.”

Ya kopo? Usithubutu. Hutambaa mpaka kwenye shata, na vibamba vyake vikilowa vinagandana. Tena tatizo kwa kawaida si ukavu, ni grisi ya zamani iliyogeuka gundi. Isafishe kwa petroli ya viberiti, mbali na moto, kwenye chumba chenye hewa. Kisha weka tone kwa ncha ya sindano kwenye ekseli za gia, basi.

“Skrubu zote hufunguka kushoto.”

Kwenye baadhi ya kamera, kifuniko cha mkono kina nyuzi za kinyume. Ukidhani unafungua, unakaza. Kikikataa upande mmoja, jaribu mwingine kwa upole kabla ya kushika koleo. Kwa kamera za Japani tumia bisibisi ya JIS, yaani ya msalaba ya kipimo cha Kijapani. Ile ya msalaba ya kawaida huruka na kula kichwa cha skrubu, na kuitoa skrubu isiyo na kichwa ni kazi ya siku nzima.