Raha na Kero za Kupiga Kinanda Parokiani

Misa ya kwanza huanza saa kumi na mbili asubuhi, koo za waumini zikiwa bado nzito. Wimbo ulioandikwa Doh ni G, yaani noti yake ya msingi ni G, nitaupiga kwa F, chini kidogo, kwa sababu kwa G Soh yake, noti ya tano, inaangukia D ya juu, na saa hiyo kina baba wengi hawaifikii, wataguna tu. Misa ya pili watu wameshachangamka, naurudisha G. Hakuna anayegundua, na hivyo ndivyo ninavyotaka. Pia beti ikiisha nasubiri kidogo kabla ya kiitikio, kanisa zima livute pumzi. Mpiga kinanda asiyesubiri pumzi za watu huwanyamazisha.

Kero ninayoisikia zaidi ni wimbo wa katikati, yaani zaburi inayoimbwa baada ya somo la kwanza. Zaburi ile ni Neno la Mungu, inajibu somo la kwanza, na Maelekezo ya Misale ya Kirumi, namba 61, yanakataza kuweka wimbo mwingine mahali pake. Bado utakuta kwaya imechomeka wimbo inaoupenda, nami naupata sakristia, chumba cha kuvalia, padri akiwa ameshavaa kasula, vazi lake la Misa. Walimu wa kwaya, nawasihi: orodha itoke Alhamisi.

Halafu kuna harusi. Bajeti ya kamati ina fungu la mpambaji, la mpiga picha na la MC. Mpiga kinanda anaambiwa Mungu atamlipa. Naamini atanilipa, ila mazoezi ya wiki nzima yana nauli, na watoto wanakula kila siku. Jambo hili lisemwe wazi kwenye vikao vya parokia.

Kwa nini basi siachi? Kwa sababu ya Mkesha wa Pasaka. Tangu wimbo wa Utukufu wa Misa ya Alhamisi Kuu hadi Utukufu wa Mkesha, kinanda kinaruhusiwa kusindikiza sauti tu. Sisi tunakizima kabisa. Ijumaa Kuu kwaya inaimba kavu, sauti ya nne, yaani besi, ikibeba wenzake. Jumamosi usiku masomo ya Agano la Kale yanaisha, mishumaa ya altare inawashwa, padri anaanzisha Utukufu, kengele zinalia, nami naachia kinanda chote pamoja na kanyagio za miguu. Kina mama wanapiga vigelegele, watu wanaimba hadi spika hazisikiki, na hapo nafuata mwendo wao.