Kwa nini jiko la mkaa halichaji sola

Fundi mmoja wa sola alikuja siku ya wazi ya idara yetu ya fizikia na swali lililowanyamazisha wanafunzi. Usiku alisogeza paneli karibu na jiko la mkaa uliokolea, joto likichoma uso, lakini taa aliyoiunganisha haikuwaka. "Kwani hiyo si nishati?" Tangu hapo haachi kuja.

Swali lake linaturudisha mwaka 1900. Mkaa ukishika moto huwa mwekundu. Chuma cha mhunzi kikizidi moto hugeuka njano, kisha cheupe. Hesabu za enzi zile zilishindwa kueleza rangi hizo. Kwa hesabu hizo, hata jiko lingemwaga bila kikomo miale ya urujuanimno, ile kali isiyoonekana kwa macho. Max Planck, huko Berlin, alipata jibu alipokubali, tena shingo upande, kwamba nishati haitoki kama mafuta ya kupima, kiasi upendacho. Hutoka kwa pakiti, na pakiti haikatwi. Ndiyo kwanta. Mwaka 1905 Albert Einstein akasema mwanga wenyewe ni pakiti, ambazo leo tunaziita fotoni, na fotoni ya bluu ina nishati kubwa kuliko nyekundu. Ni kazi hiyo, wala si nadharia ya uhusianifu, iliyotajwa alipopewa Tuzo ya Nobel ya 1921.

Sasa rudi kwenye paneli. Elektroni, chembe inayobeba umeme, ndani ya silikoni ya paneli imeshikiliwa mahali pake, na haipokei michango kama kamati ya harusi: inataka mfadhili mmoja mwenye kiasi chote. Fotoni za jiko ni nyingi mno, ila karibu zote hazifiki kiwango. Za jua nyingi hufika, na zenye ziada huiacha ziada hiyo kama joto. Ndiyo maana paneli ya kawaida ya silikoni, yenye tabaka moja, haiwezi kuvuka takriban asilimia 33 ya nishati ya jua hata ikitengenezwa kwa ustadi wote. Muuzaji akikuahidi 50, mwache. Na kwa kuwa joto hupunguza umeme wake, usiilaze juu ya bati moja kwa moja. Acha upenyo wa hewa.

Kuna jambo linaniudhi: neno "kwanta" limeanza kuuzwa. Unashikishwa kijiti cha chuma, dakika chache unapewa orodha ya magonjwa ya ini na figo. Hamna kwanta humo. MRI, mashine ya hospitali ya kupiga picha za ndani ya mwili, ndiyo inayo: sumaku kali hupanga viini vya haidrojeni mwilini, mawimbi ya redio huvitikisa, navyo hurudisha ishara inayochorwa kuwa picha.

Anayetaka kujionea atafute taa mbili ndogo za LED, nyekundu na ya bluu, pamoja na multimita, kifaa cha kupimia umeme. LED ni sola iliyogeuzwa: ukiipa umeme hutoa mwanga, ukiimulika hutoa umeme kidogo. Gizani, unganisha nyekundu kwenye mita kisha uimulike kwa ya bluu: volti zinapanda. Sasa geuza, nyekundu imulike ya bluu. Karibu hakuna kitu.

Fundi wetu hakuridhika. Akaongeza LED nyekundu ya pili, ya tatu, mpaka ya sita, zote zikiielekea ile moja ya bluu. Mita ikabaki palepale.